Mume wa Zamu ya Usiku

Jumatatu, 7 Julai

Tumefika. Nimelowa mpaka magotini, maana boti haikukaa sawa gatini na mimi nikajifanya kijana, nikaruka. Mwenzangu kacheka kwa sauti yake yote. Watu wa mapokezi wakageuka. Huyu mtu amezungumza juu ya kelele za mashine za kukandia unga mpaka hajui tena kusema polepole.

Wametupa maua na juisi, wakatuita bwana na bibi harusi. Nilitaka kuwaambia kwamba binti yetu mwenyewe ana umri wa kuolewa, na ndiye aliyetuleta. Anafanya kazi ofisi ya safari, kuna maharusi wakaahirisha, nafasi ikabaki, akatusukumia wazazi wake. Mwenzangu akanikanyaga mguu. Baadaye akasema, tuache tuwe maharusi, nani anaumia?

Tumepewa kijumba cha mbao peke yetu, na ukumbi wa mbele unaotazama maji. Pazia limeshonwa ovyo, pindo limekwenda upande. Hilo nililiona kabla ya bahari! Ushonaji ugonjwa. Kitanda sasa — kipana, mashuka meupe, mito mingi isiyo na kazi. Tulikitazama wote wawili.

Maana sisi hatulali pamoja. Si kwa ubaya. Yeye anaoka mikate kiwandani usiku kucha, mimi nashona sare za shule mchana. Anaingia asubuhi, mimi natoka. Kitanda chetu hakipoi: naamka mimi, anajitupa yeye. Siku yake ya mapumziko anaipiga usingizi. Tumeishi hivyo tangu binti yetu hajaota meno, na watu wanatusifu, ndoa yenu ya mfano, hamgombani. Tugombane saa ngapi?

Sasa bosi wake kampa nafasi ya msimamizi wa mchana. Anataka jibu Jumamosi kabla ya saa sita, la sivyo anapewa mwingine. Mwenzangu aliniambia wiki iliyopita mlangoni, mimi na pochi, yeye na unga kwenye nyusi. "Sema wewe," akasema. Sijasema mpaka leo.

Naogopa, ndiyo ukweli. Jioni nzima, kila jioni, uso kwa uso. Akiniona nilivyo hasa, je? Na mimi nikimwona?

Jumanne, 8 Julai

Nimeamka, upande wake haujalaliwa. Roho iliruka!

Nimemkuta jikoni mwa hoteli, mikono ya shati imekunjwa, anakanda. Pembeni yake mwokaji wa hapa, mama mmoja mnene mwenye kicheko kizuri, anamtazama kama aliyeletewa zawadi. Usingizi ulimkataa, anasema. Alizunguka, harufu ya mkate ikamvuta puani. Watu wanaletwa fungate, mume wangu karipoti kazini.

Jua lilipopanda akalala fofofo. Nami bila kufikiri nikavuta pazia, nikavua viatu, nikaanza kunyata. Siku nzima! Nimekaa ukumbini sithubutu kukohoa. Ndege mmoja alikuja kupiga kelele kwenye ukingo, nikamfukuza kwa kanga. Mhudumu wetu — tunamwita Tabasamu, hajui kununa — alikuja na trei akasalimia kwa sauti ya kawaida, nikamwekea kidole mdomoni. Akachungulia mlango uliofungwa, akatabasamu zaidi, akarudi kinyumenyume. Ameelewa anavyoelewa. Aibu yangu.

Mwenzangu kaamka jua linazama. Mimi tayari nasinzia. Tumekutana kwenye supu, tukasalimiana kama majirani.

Jumatano, 9 Julai

Sijui nicheke au nilie, na nimefanya vyote.

Asubuhi nilimwona amefumba macho. Nikasema moyoni, afadhali, leo kalala. Nikatoka kwa kunyata, nikaenda kunywa chai peke yangu, nikamchagulia mayai, mkate, vipande vya papai. Nikaleta, nikaweka kwenye meza ya ndani, mlangoni, bila kutazama kitandani, nikafunika kwa sahani nyingine kama nyumbani. Kisha nikaenda kutembea ufukweni, nisimsumbue.

Kumbe hakulala hata kidogo! Alifumba macho ili mimi nisijisikie vibaya kuamka. Nilipotoka tu, akaoga, akapita njia ya nyuma mpaka jikoni, akala huko na yule mama, akanichagulia mayai, mkate, papai. Akaja akaweka kwenye meza ya ukumbini. Akafunika. Akaondoka upande wa pili, nipumzike.

Narudi — sahani huku zimefunikwa, sahani kule zimefunikwa. Nafunua hizi, nafunua zile. Chakula kilekile kimepoa. Tabasamu alikuwa anafagia, akaegemea ufagio, akaniuliza kwa adabu sana: mama, kama hamko sawa, meneja anaweza kuwapa vyumba viwili, hakuna shida yoyote.

Vyumba viwili! Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu machozi yakaja yenyewe, sikuyaita. Mtoto wa watu akatupa ufagio, akakimbia kumtafuta mume wangu.

Akaja anahema. Nikamwuliza mbona hukunisubiri. Akasema mbona hukuniamsha. Tukaketi, tukala mayai ya baridi, mimi ya kwake, yeye ya kwangu. Sikujua kwamba kabla ya kula mkate anaugonga chini na kusikiliza. Anasema mkate ulioiva unaitika. Miaka yote hii naishi na mtu anayepiga hodi kwenye mkate.

Kisha akaniuliza, bila kuniangalia, jioni huwa nafanya nini nyumbani.

Nikajibu, hakuna cha maana.

Uongo. Jioni natia miguu kwenye beseni la maji ya moto. Nafungua redio, nabishana na mtangazaji, namtukana kidogo. Nakula mezani, kitandani, popote. Naandika haya. Jioni zangu nazipenda! Nimemeza yote hayo, na yeye akaendelea kutafuna, uso umefungwa kama duka siku ya mapumziko.

Jumamosi inakuja.

Alhamisi, 10 Julai

TUMEGOMBANA. Nayaandika kwa herufi kubwa maana ni tukio.

Ni feni. Yeye anataka izunguke mpaka mwisho, bila ngurumo halali, amezoea mashine. Mimi nataka kimya. Tukaanzia kwenye feni, tukafika kwa mama yake, tukapita kwenye geti lisilotengenezwa, tukaingia kwenye picha za harusi alizozisahau kwenye teksi. Nyumbani ugomvi wetu hukatwa na zamu, mmoja anabeba mfuko anakwenda, na akirudi yamepoa. Hapa nani aende wapi? Boti hakuna mpaka Jumamosi.

Basi akavaa kofia, akatoka. Kasema anakwenda mbali.

Kisiwa chenyewe kidogo. Alitoka kwa hasira upande wa kulia, akatokea upande wa kushoto hasira hazijaisha. Akanikuta nimesimama palepale na mkono kiunoni. Akasimama. Akatazama alikotoka, akatazama alikofika. "Kisiwa kimekwisha?" akauliza. Nikamwambia, zunguka tena. Akazunguka tena kweli! Aliporudi alikuwa anacheka peke yake njiani, namsikia kabla sijamwona.

Mchana tumelala. Wawili, saa moja, kitanda kimoja, feni namba ya katikati. Sikuwahi kujua kifua chake kina joto hivi. Kichwa changu juu ya mkono wake, na mkono najua ulikufa ganzi, maana nilipoamka alikuwa anaminya vidole kimyakimya. Hakusema. Nimefurahi leo. Nimefurahi kuliko siku tuliyofika.

Ila jibu bado. Kila mmoja anajifanya hamnazo.

Ijumaa, 11 Julai

Pindo la pazia limenishinda uvumilivu. Nikaenda jikoni kuuliza sindano na uzi. Mlangoni nikasikia sauti ya mwenzangu, ile anayodhani ni ya chini, gati lote linaisikia. Anamweleza yule mama mwokaji kwamba kesho atampigia bosi akatae. Mke wake ana jioni zake, amezizoea, yeye ndiye mwenye nyumba. Akianza kurudi kila jioni, anasema, atakuwa mgeni asiyeaga. Mama akamwuliza, amekwambia hivyo? Akasema hapana, lakini nimemwuliza, akaficha.

Sikuingia. Nikaazima sindano kwa Tabasamu, nikarudi, nikafumua pindo lote, nikalishona upya, mkono unakwenda wenyewe. Kwa hiyo anadhani simtaki. Nimemficha beseni na redio, yeye kajazia mengine yote. Na mtu atakwenda kuoka mikate usiku mpaka azeeke, kwa heshima tu! Nilimkasirikia. Nikajikasirikia zaidi.

Alasiri nikamwita tuingie majini. Nilipanga: maji ya kiunoni, hakuna wa kubeba mfuko na kuondoka. Nikamwambia yote kwa mkupuo. "Jioni zangu nazipenda. Naloweka miguu, nabishana na redio, naandika mambo yangu, sitaki kuulizwa."

"Najua," akasema.

"Hujui, sijamaliza. Na nakutaka nyumbani. Vyote viwili, nami sijui nitaviweka wapi."

Wimbi moja, jingine. Halafu akauliza ninaandika nini. Nikamwambia hilo siwezi kukwambia.

"Basi usiniambie. Ukiandika, mimi nitakaa jikoni."

Kalisema kama mtu anayesema atafunga dirisha. Nilimpenda pale majini mpaka nikaona haya, mtu mzima mimi. Nikamwuliza, kwa hiyo bosi utamwambia nini? Akasema aliwaza moja, sasa anawaza mawili, nimwachie alale na hilo jibu mpaka kesho. Nikamwambia niliyasikia ya jikoni. Akajimwagia maji usoni, akajifanya macho yanawasha kwa chumvi.

Jumamosi, 12 Julai

Mabegi yako mlangoni. Boti inakuja kutuchukua kabla ya chakula cha mchana.

Alilala nalo kweli. Alikoroma! Tumeamka pamoja, tukapiga mswaki pamoja mbele ya kioo kimoja, tukagongana viwiko, kila mmoja anasema samahani mdomo umejaa povu. Kwenye chai hakugusa suala, nami sikugusa. Nilimwona tu anapasua mkate vipande vidogovidogo na hali.

Sasa yuko mwisho wa gati, ndipo simu zinaposhika mtandao. Mimi niko ukumbini na hiki kitabu. Kaniambia njoo twende wote, nikasema nenda, ni kazi yako, ni bosi wako. Kwa nini nilisema hivyo? Woga tu. Woga uliovaa nguo za adabu.

Anaongea, na sauti yake inafika mpaka hapa. Kamsalimu bosi, kaulizia mikate ya jana usiku kama ilitoka salama. Anasikiliza. Anakwenda mbele, anarudi. "Ndiyo, nimefikiria." Mwandiko umeharibika. Tabasamu kaja kubeba mabegi, nikamwonyesha kwa mkono asubiri, na yeye kasimama, anatazama huko ninakotazama.

Kasema kitu sikukisikia, upepo. Kasema tena: "Hapana, si kwamba sitaki, mzee. Ni nyumbani." Ah! Huyo anakwenda kukataa. Namjua mgongo wake, unapoinama hivyo anamwachia mtu nafasi apite.

Kageuka, anatazama huku. Kaweka simu kifuani. Haniiti, haashirii, kasimama tu na simu kifuani, na bosi huko ndani anangoja.

Naacha hapa. Lile gati ni refu, na nikichelewa atajibu peke yake, na jibu hili sitaki alitoe peke yake. Nakwenda.