Majani ya Mpera Kwenye Asidi ya Moto

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie mapema, kabla ya Jumamosi. Mimi na mume wangu tuna karakana ya kutoa kutu, vyuma tunavitumbukiza kwenye pipa la asidi, lakini asidi haijui kuacha, ikimaliza kutu inakula na chuma chenyewe, kwa hiyo tulikuwa tunaichanganya na dawa ya dukani ya kulinda chuma, dawa hiyo inatukohoza na ukiimwaga nyasi zinakufa, ndipo nikajaribu maji ya majani ya mpera yaliyochemshwa, na kweli vyuma vikatoka safi bila kuliwa, mafundi wakanicheka wakaniita Mama Majani, mume wangu akawa mpiga debe wangu. Sasa amemwahidi dada yake mwenye duka la dobi kwamba Jumamosi atasafisha mabomba ya boila yake ya mvuke wa pasi kwa asidi ya moto na majani yangu, nami nimeyajua kwenye pipa baridi tu, juzi nikajaribu kipande cha bomba kwenye asidi ya moto yenye majani, kikatoka na vishimo kama uso wenye ndui, nikamwonyesha, akasema, "Mama watoto, uoga wa kunguru huo. Ongeza majani!" Nimeongeza, vishimo viko palepale. Nikimwambia wifi, ambaye tangu harusi ananiona mwenye kimbelembele, nitakuwa nimemvua nguo mume wangu mbele ya dada yake, nikinyamaza, wasichana wanaopiga pasi wametenganishwa na boila hiyo kwa ukuta tu. Nifanyeje?

Mama Majani

Pole, mwanangu, na hongera pia. Majani yako hayajakudanganya. Mumeo ndiye anayeyatwisha mzigo usio wao. Hebu nikueleze, maana ukielewa utasema bila kutetemeka. Tafuna jani la mpera, ulimi utakauka kwa ukakasi. Ukakasi huo hujibandika kwenye chuma kama mafuta kwenye ngozi, asidi ikakosa pa kung'ata. Kwenye baridi hushika. Joto likipanda hulegea na kubanduka, na asidi nayo huzidi ukali. Ndiyo maana kuongeza majani hakukusaidia. Geti la mteja likiliwa kidogo kwenye pipa lako, atanung'unika tu. Bomba la boila likiwa jembamba, mvuke hutafuta pa kutokea.

Lakini nawe nitakugombeza. Vishimo umeviona kwa macho yako, bado unauliza habari ya aibu? Ulimi wa wifi unaunguza kuliko mvuke?

Usibishane na mumeo kwa maneno. Leo mwite karakanani, mafundi wakishaondoka, asijione yuko mahakamani. Kateni vipande viwili vya bomba la aina ile ile: kimoja kwenye asidi ya moto yenye majani, kingine kwenye asidi ya moto yenye dawa ya dukani iliyotengenezwa kwa kazi ya moto. Milango wazi, glavu mkononi, barakoa usoni. Avisuuze mwenyewe, avipapase kwa dole gumba lake. Kisha mwachie ampigie dada yake yeye: "Majani ni ya pipa baridi. Boila inataka dawa nyingine, na mkaguzi aipime kabla haijawashwa." Hapo heshima yake haijaguswa.

Akikataa, usingoje Jumamosi. Nenda dukani kwake, mwambie wifi uso kwa uso. Atakuita mchonganishi, mwache akuite. Wale wasichana hawana mtu mwingine anayejua unachokijua wewe.