Blanketi la bibi ndani ya blanketi la mama

Richardson, Texas, Alhamisi, Novemba 2017

Ndani ya blanketi la viraka la Bi Loretta kuna blanketi jingine. Zuhura, anayeokoa mablanketi ya zamani, amenithibitishia leo baada ya kufumua pembe iliyooza kwa maji ya mafuriko ya Houston.

Mama yake Bi Loretta hakuwa na pamba ya kujazia. Akachukua blanketi lililochakaa la bibi yake Loretta na kushona viraka vyake juu yake, kwa mkono. Hapa Texas wengi walifanya hivyo.

La nje limeota kuvu. La ndani bado linaokoleka, lakini kulitoa kunataka kufumua kila mshono wa mama.

"Kaka, mkasi sishiki mie mpaka mwenyewe aseme," Zuhura alisema. "Na wewe usende ukamshawishi kwa kutaka picha yako ya hilo la ndani."

Nilimpigia Bi Loretta, Houston. Nikamweleza tulichokuta ndani.

"Nilidhani mama alilitupa la bibi. Nilimlaumu mpaka anakufa," alisema. "Sasa mnataka nimfumue?"

Nilimweleza kwamba tukiliacha hivi, kuvu litayala yote mawili. Ni kweli, lakini ningeweza kungoja hata kesho kumwambia. Na picha bado naitaka.

Hakusema ndiyo wala hapana. Anaogopa.

Jumamosi mwanawe anamleta. Ameomba Zuhura asiguse kitu, pembe ile ibaki wazi, apate kwanza kuingiza mkono aliguse la bibi.