Kabugho, Mtoto wa Tatu

Bwera, siku ya pili baada ya kufunga kambi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana najua ukishaanza kusoma ya kwangu utasahau kunijibu ya kwako. Bado linavimba ukitoka shambani? Na ile dawa ya kuchua niliyomwachia Yusta, unaitumia, au umeifungia kabatini pamoja na sahani za wageni? Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka na miguu inauma kana kwamba nilikuja Uganda kwa kutembea.

Najua umeninunia. Ulinitegemea Kilosa likizo hii, nikakupigia simu kwa haraka kwamba kuna kazi imejitokeza, ukasema "haya." Hiyo "haya" yako naijua tangu utoto. Nimeona bora niandike, kwa sababu huku mpakani simu inajiunga na mtandao wa Kongo kila inapotaka, na pia kuna jambo nataka kukuuliza ambalo siwezi kulitamka huku nasikia unavyopumua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkuu wa shule ninayofundisha kule Kasese aliniomba nije kwenye kambi ya likizo ya vijana hapa Bwera, wiki tatu, nifundishe uandishi wa hadithi na mashairi. Uandishi tu, alisema. Nilipofika, mwalimu wa maigizo hakutokea kabisa, na wa uchoraji akashikwa na malaria siku ya pili. Nikawa mimi ndiye kila kitu. Asubuhi hadithi, mchana maigizo, jioni naosha brashi za rangi za vijana sitini. Ukumbi ni wa mabati. Mvua ikinyesha unapiga kelele kama muuza samaki, na siku za soko malori yanayosubiri kuvuka mpaka yanapiga honi mpaka unasahau ulikuwa unafundisha nini. Mama, nimechoka. Sisemi ili unihurumie, nasema kwa sababu uchovu huo ndio ulionifanya nikosee.

Msimamizi wa kambi ni mzee mmoja aliyestaafu jeshi, anaitwa Kule, lakini wote tunamwita Afande. Kila asubuhi anawapanga vijana mstari na kuita majina.

"Bwambale!" Wavulana sita wanaitika. "Nyamaza! Bwambale ya Muhokya!"

"Iko, Afande!"

"Bwambale ya viatu nyekundu!"

"Iko!"

Wenyeji wa hapa, Wakonzo, wanampa mtoto jina kwa zamu ya kuzaliwa. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, na wavulana nao wana mfuatano wao. Ukishasikia jina la mtu unajua nafasi yake kwao hata kabla hujamtazama usoni. Nililipenda jambo hili, nikawapa zoezi: kila mmoja aandike ukurasa mmoja kuhusu jina lake. Kusema kweli, nilichagua zoezi hilo kwa sababu lilikuwa jepesi na nilitaka kukaa kitini kidogo.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na minne kutoka Mahango, huko mlimani, mkimya, anayeandika huku pua inakaribia kugusa karatasi. Sentensi zake za kwanza zilikuwa: "Mimi ni Kabugho, mtoto wa tatu wa kike. Sina dada." Nikachukua kalamu nyekundu, nikazisoma kwa sauti mbele ya wenzake na kuuliza, "Kama huna dada, utakuwaje wa tatu?" Hata nilitabasamu, Mama. Wenzake wakainamia madaftari yao. Kila mtu mle ndani alikuwa ameelewa isipokuwa mwalimu.

Kabugho akasimama. "Mwalimu, jina haihesabu wenye wanaishi. Inahesabu wenye walizaliwa. Masika na Biira walikufa, mimi bado sijazaliwa."

Nikamwomba radhi palepale. Akaitika kwa kichwa, kisha akauliza, "Na wewe Mwalimu, uko wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikajibu.

"Wa kwanza ya kuzaliwa, ama ya kubaki?"

Nikasema tuendelee na kazi.

Alirudi kesho yake na kurasa nne. Aliandika kwamba surua iliwachukua wote wawili katika wiki moja. Aliandika pia jinsi ambavyo wangegawana kazi: Masika angechota maji, Biira angechambua kahawa, na yeye, kwa kuwa ndiye mdogo, angechelewa kuamka. "Sasa kazi ya watu watatu naifanya peke yangu," aliandika, "na nikichoka nawalaumu wao." Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea kusoma.

Nikaichagua hadithi yake isomwe mbele ya wazazi siku ya kufunga. Afande akaikataa.

"Hii iko ya matanga. Wazazi inakuja kufurahi. Weka ile ya mpira."

Nami nikasema sawa. Sikubishana hata kidogo, nilitaka tu siku iishe. Nilipomweleza Kabugho, alizikunja karatasi zake taratibu sana.

"Mama hajawahi kuniambia kitu juu yao," akasema. "Yote nilisikia kwa shangazi. Mimi nikiuliza, yeye anaingia jikoni. Nilitaka asikie mbele ya watu, mahali hakuna jikoni."

Maneno hayo yalinichoma, Mama, na sababu utaiona.

Siku ya kufunga, mama yake alifika mapema mno, kapata lifti kwenye gari la kahawa. Nilimkuta kasimama pembeni akiwatazama vijana wakiitwa majina, akicheka kila walipoitika. Nilitamani kumwacha na kicheko chake. Lakini nilimfuata, nikamweleza kila kitu bila kuzunguka: binti yake ameandika nini, Afande amesema nini, na kwamba yeye ndiye mwenye uamuzi.

Alifungua khanga yake kiunoni, akaifunga upya, akaifungua tena.

"Ameandika majina yao?"

"Ndiyo."

"Yote mbili?"

"Yote mawili."

"Mimi ilinishinda kusema," akasema. "Acha mutoto aseme."

Nikaenda kwa Afande nikamwambia Kabugho atasoma. Akanitazama kutoka juu hadi chini. "Wamama ikilia, ni wewe."

"Ni mimi," nikasema.

Alianza kwa sauti ndogo, watu wa nyuma wakawa wanatega masikio. "Dada yangu wa kwanza anaitwa Masika."

Kutoka kwenye mabenchi sauti ya mwanamke ikajibu, "Iko."

Kabugho akainua macho kutazama mabenchi. Kisha akasoma, "Wa pili anaitwa Biira."

"Iko," akasema mama yake, mara hii amesimama.

Wanawake walilia, kama Afande alivyotabiri. Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Kabugho alisoma kurasa zote nne, hata ile ya kuchelewa kuamka, na hapo mama yake akacheka huku machozi yanamtoka. Jioni niliwaona wakiondoka, binti kabeba godoro kichwani, mama kashika zile karatasi kwa mikono miwili ingawa hajui kusoma.

Sasa swali langu. Nilimwambia mtoto yule kwamba mimi ni wa kwanza, kwa sababu ndivyo tunavyosema nyumbani: Neema, Yusta, basi. Lakini wakati wa msiba wa Baba, Shangazi Debora aliniambia kwamba kabla yangu ulizaa mtoto wa kiume, ukamzika akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Nilipomuuliza jina lake, akasema, "Muulize mama yako." Sijawahi kukuuliza. Niliogopa utaingia jikoni. Hata sasa mkono unasitasita, lakini barua haina jikoni, na unaweza kuiweka chini ukairudia siku nyingine. Sitaki kujua aliugua nini. Nataka jina tu. Kama kalamu itakuwa nzito, mtajie Yusta akuandikie; naye atakuwa amejua, na ni haki yake.

Imebaki wiki moja shule ifunguliwe, haitoshi kufika Kilosa na kurudi. Nisamehe kwa hilo. Msalimie Yusta, umwambie aache kuvaa viatu vyangu. Msalimie Baba Mdogo na mbuzi wake wakorofi, na Bibi Mlezi wa kwaya, na Shangazi Debora, ambaye nakuomba usimgombeze.

Nakungoja.

Mwanao wa pili,
Neema