Shikamoo ya Jumapili

Tandale, Dar es Salaam
Jumatano, mwezi wa saba. Mwaka wa pili unaishia tangu nitoke nyumbani.

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba uipokee, maana hii ni ya Jumapili, sikukupa.

Mguu unaendeleaje, bado unavimba na baridi hii? Mie ni mzima. Asubuhi nabeba magunia sokoni, jioni naendesha bodaboda ya tajiri. Mgongo unauma, lakini nakula. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ningedanganya tena. Dada Veronika akusomee yote, asiruke.

Jumapili kijiwe chetu cha bodaboda kilitoka matembezi kwa pikipiki. Tulikubaliana kuishia Morogoro mjini, tule, tugeuze. Kufika pale, mwenyekiti wetu Chogo akasema mjini hakuna raha, twende Mgeta tukale kona za mlimani. Sikumwambia mtu kwamba ile ndiyo njia ya kwetu. Tukapanda tumefuatana, huku ukingo wa mlima, huku korongo, wenzangu wanapiga honi na kupiga kelele kila kona. Mie nilikuwa naomba tu usiwe barabarani.

Ulikuwepo, na beseni lako la ndizi. Chogo akasimama.

Wote walivua helmeti wakakuamkia. Mie sikuvua yangu ya kuziba uso, wala sikufungua mdomo, maana sauti yangu unaijua. Ukauliza, "Na huyu mtoto wa nani, hajui shikamoo?"

"Msamehe mama, huyo kazaliwa na helmeti," Chogo akasema.

Mkacheka. Kisha ukanipa ndizi ya bure. "Shika mwanangu, baridi ya huku hujaizoea."

Sikuweza kuila. Niliitia mfukoni, ikasagika njiani, na koti nimelifua bado linanuka ndizi.

Mama, siku ya mahari ya Veronika nilikwambia tajiri amenikatalia ruhusa. Sikuwa nimemwomba. Niliona haya kuingia mikono mitupu, na wageni wananitazama mie kwa kuwa baba hayupo. Mjomba akakaa mahali pangu. Jumapili ningevua helmeti, ungeniuliza nafasi ya kutembea nimeipata wapi.

Jana nilimweleza Chogo. Nilidhani atacheka. Akasema, "Yaani braza, mama yako kaamkiwa na sie wote, we ukapokea ndizi?" Akawasha pikipiki akaondoka.

Nisalimie Mjomba, umwambie asante kwa kunisitiri. Msalimie shangazi anayekutekea maji, na shemeji yetu mtarajiwa. Veronika, usinikasirikie sana mbele ya mama.

Ijumaa ya kabla ya ndoa nitafika. Safari hii tajiri nimemwomba, na amekubali. Sina zawadi ya kuwaonyesha watu. Nitashuka pale pale kwenye beseni lako, kichwa wazi, nikuamkie kabla hujauliza mimi ni mtoto wa nani.

Mwanao,
Deogratias