Kamba wa Mkebe na Ng'onda Zako

Mama,

Ungekuwepo, ningekuuliza wewe kwanza kabla ya kuufungua ule mkebe.

Tangu tulipokuzika kwenu Mkokotoni nikarudi mjini, mambo yamebadilika. Mchele ni wa foleni, na hauwafiki walio mwisho. Chakula cha nje kimepigwa marufuku. Watu wanazungumza kwa sauti ya chini hata wakiuliza hali. Basi mwanao Haji aliporudi kutoka kazini melini na mikebe minne ya kamba, nilimshukuru Mungu.

Walikuwa wakavu, wepesi kama pamba. Nikamwambia, "Hawa si ng'onda tu, kaka?" Akacheka. "Siyo. Hawa hugandishwa mpaka wakawa mawe, kisha hutiwa ndani ya mashine isiyo na hewa, barafu ikatoka mwilini mwao kama mvuke bila ya kuyeyuka. Ndiyo maana hawasinyai."

Nikakukumbuka wewe uwanjani, kisu mkononi, ukinifundisha kumpasua samaki changu kuanzia mgongoni na kumsugua chumvi. "Jua halina haraka, na wewe usiwe nayo." Samaki wako wa ng'onda alisinyaa, akawa mgumu kama soli ya kiatu, akanuka mtaa mzima, na bila ya kumroweka haliki. Hawa wa Haji niliwatia maji ya moto, na kabla sijamaliza kukuna nazi walishavimba, laini, utasema wamevuliwa asubuhi ile. Nilifurahi, Mama. Nikasahau kuogopa.

Nikampelekea jirani yetu, Bi Nunu, bakuli, kama ulivyokuwa ukifanya. Akafunua, akaniangalia.

"Kamba wabichi? Na bahari imechafuka wiki nzima?"

Ningempa ng'onda asingeuliza. Nani hana ng'onda? Sisemi kuwa ndiye aliyetuchongea. Sijui. Sitaki kumdhulumu mtu.

Siku ya pili yake, baada ya Alasiri, wakaja watu watatu wa serikali. "Viko wapi vile vyakula vya nje?" Mkebe uliofunguliwa ulikuwa mezani, hewa yetu hii ya pwani ilishaingia, kamba wamelegea, wananata, wameanza kunuka. Mmoja akausukuma kwa kidole. Ng'onda zilizoning'inia jikoni hawakuziangalia hata mara moja. Haji akasema, "Ni vyangu. Dada yangu hajui kitu." Wakachukua mikebe mitatu mizima, wakamchukua na yeye. Alivaa viatu vyake taratibu, akaniambia, "Usinisubiri kwa chakula."

Mama, nilimsubiri.

Kila siku nnakwenda kwenye lango la gereza walilonielekeza. Siku za mwanzo nilipeleka mchuzi; nikasimamishwa juani mpaka ukachacha, ukamwagwa mbele yangu. Nikaanza kupeleka ng'onda, nimeikaanga na kuikamulia ndimu, nimeifunga kwenye kitambaa na kipande cha mkate. Hiyo wanaipokea. Kitambaa kikirudi kitupu najiambia: anakula, basi yu hai.

Jana kilirudi na mifupa ndani.

Wewe unamjua Haji. Hajapata kubakisha mfupa wa ng'onda tangu alipoota meno. Huutafuna mpaka ukawa unga, nawe ukimwita paka. Nikaihesabu ile mifupa barazani. Yote ilikuwepo. Hakuna hata mmoja uliotafunwa.

Nani anakula chakula cha mwanao, Mama? Na tangu lini?

Bi Nunu ameniambia leo, bila ya kunitazama usoni, "Mwanangu, usiende tena kule."

Kesho nnakwenda mikono mitupu. Nitamuuliza yule wa langoni, kwa jina kamili la kaka yangu na la baba yake, Haji yuko wapi, na sitaondoka mpaka nijibiwe. Nakuahidi hivyo. Nikinyamaza mimi, hapana mwengine wa kumuulizia.

Buriani, Mama yangu. Mungu akuwekee nuru hapo ulipo. Na kama ameshakufikia kabla yangu, mpokee. Alitoka hapa hajala.

Mwanao,
Zuwena