Ukuta wa Chumba cha Wifi

Jumatatu, 3 Juni
Kifusi cha jikoni kimeisha kutolewa. Chai nimenywea kwenye ngazi, huku chini hakuna pa kukaa. Fundi Masinga amezunguka akigonga kuta kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti. Huu umebeba ghorofa, usiguswe. Huu pia. Nikamwonyesha ukuta wa chumba cha wageni. Wa kugawia tu, kasema, unatoka hata kesho. Nimefurahi kupita kiasi.

Nyumba siiongezi hata tofali moja kwa nje, kiwanja kimeishia hapo. Nafasi yangu imo humuhumu ndani. Imekaliwa na Wifi Yuditha.

Jumanne, 4 Juni
Niandike, nisije nikalegea. Siku ya msiba wa mume wangu, dada yake huyu alisimama katikati ya sebule. Majirani wamejaa, wanakwaya wote wapo. Akasema nimemuua kaka yake. Kwamba nilichoka kumuuguza nikamwacha afe. Mimi niliyemwogesha miezi saba! Hakuna aliyemjibu. Hata mimi nilinyamaza, na hilo sijajisamehe.

Baada ya matanga akajichukulia chumba cha wageni. Cha ukoo, eti. Akatia kufuli lake, akarudi kwake Bahi. Namba yake niliizuia siku hiyohiyo.

Nataka kitu kimoja tu. Aseme mbele ya watu walewale kwamba alinisingizia. Hatasema. Basi chumba kiende.

Alhamisi, 6 Juni
Kufuli limekatwa. Vitu vyake nimevipanga kwenye maboksi, haipotei hata sindano. Makochi yote nje. Upepo wa Juni na vumbi lake, fundi akakodi turubai, akalifunga mbele ya baraza kuyafunika. Tindo la kwanza nimeligonga mwenyewe. Mkono umevimba. Raha tupu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimefungua geti asubuhi, nimemkuta jirani yangu Mama Eliza, khanga mbili na uso wa majonzi. Aliponiona akapiga yowe. Makochi nje, turubai juu: alijua msiba. Tumecheka mpaka tukakaa chini.

Kisha akaacha kucheka. "Dada, yule bodaboda wa Bahi anayemletea wifi yako mizigo alipita jana jioni. Akauliza nani kafa. Nikamwambia sijui, labda mwenye nyumba mwenyewe."

Mwenye nyumba ni mimi, na ninaishi peke yangu. Nilishika simu nitume ujumbe Bahi. Nikaiweka. Akipiga hatanipata, ataamini zaidi. Acha aje. Akute chumba chake ni kifusi.

Jumamosi, 8 Juni
Amekuja, saa nne asubuhi. Kilio kilianzia barabarani. Majirani wakatoka. Wanakwaya waliokuwa wanakwenda mazoezini nao wakaingia. Mama Eliza alikuwa sokoni, fundi kafuata saruji, hakuna wa kuwaambia ukweli. Mimi niko ndani, nyuma ya dirisha, ndoo mkononi.

Wifi Yuditha akajitupa chini ya turubai. Kilemba kule, kiatu kule. Akaomboleza kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili. "Wifi yangu, nilikusingizia! Ulimuuguza kaka yangu peke yako, mimi sikuja hata mara moja! Aibu yangu nikakutupia wewe!"

Watu walewale. Maneno yaleyale niliyoyataka. Ningeweza kutoka hapohapo. Sikutoka. Nilimwacha alie mpaka sauti ikamkauka. Nilifurahi, sitajidanganya humu.

Ndipo nikatoka, mweupe wa vumbi la saruji kichwa hadi miguu. "Karibu, wifi."

Akaanguka. Wakammwagia maji. Alipozinduka akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa mashavu, akawa anacheka na kulia. Halafu akatazama nyuma yangu, mlangoni. Akaona chumba chake hakipo. Akakung'uta khanga, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 10 Juni
Amepiga kwa simu ya mtu mwingine. Anasema maneno ya kumlilia maiti hayashikwi, na mimi si maiti. Nikamwambia wote wamesikia. Akasema, "Na wote wanajua ulikuwa umesimama dirishani, unanitazama." Akakata.

Nimekasirika mchana kutwa. Mama Eliza hajapita tangu juzi, na si kawaida yake. Fundi anapiga plasta.

Jumatano, 12 Juni
Nimemfuata Mama Eliza kwake. Kaniandalia kiti, kaniletea maji, kanijibu kila swali. Hakuniuliza hata moja. Nimerudi nyumbani.

Jumapili, 23 Juni
Rangi imekauka. Sebule sasa inafika hadi dirisha la mashariki, jua la asubuhi linaingia mpaka jikoni. Nyumba ni ileile, lakini mtu anapumua. Wanakwaya wamekuja baada ya ibada, wamesifu, wamekaa kidogo. Hakuna atakayesema tena kwamba nilimuua mume wangu. Nimeshinda.

Maboksi yake yapo chini ya ngazi, hajatuma mtu. Leo nimeifungulia namba yake. Sijapiga. Nimekaa upande ule uliokuwa chumba chake, nikajaribu kuhesabu watu ambao nikifa watanililia vile. Nimempata mmoja, na huyo ameshalia.