Sukari ndani ya manda

Jumamosi usiku

Na aliniuliza kabisa kabla ya kula.

Mama mkwe amefika leo kwa boti kutoka Mwamgongo, Jumatatu ana kliniki ya kisukari. Nilitaka sana asifie mapishi yangu. Nikakatakata matufaha, nikayafunga kwenye manda za dukani, zile za sambusa, nikaoka. Kazi rahisi. Ila matufaha yalikuwa na ukali, nikamimina sukari.

"Mwanangu, umeweka sukari?"

"Hapana, mama. Utamu ni wa tunda lenyewe."

Akala vitafunwa vinne, huku akinisifia kwa mume wangu. Nami nikatabasamu tu.

Jioni akashikwa na kiu na kizunguzungu. Tulipompima, sukari ilikuwa imepanda sana. Akaanza kujilaumu, eti labda ni ndizi mbivu alizokula kwenye boti. Hapo nikashindwa kuvumilia, nikamwambia ukweli.

Hakufoka. Alisema tu, "Ungeniambia, ningekula kimoja, na bado ningekusifia."

Amekunywa dawa zake, sukari imeshuka kidogo, amelala. Mimi kila mara naenda mlangoni kwake kusikiliza kama anapumua.